Kabla Hajajibu, Tazama Mikono Yake

Muulize mwanafunzi wa shule ya msingi pale Himbi, mjini Goma: kijiti cha sentimita 10, cha 4 na cha 3 vinaweza kuunda pembetatu? Huenda akanyamaza, akainua viganja viwili kama mapaa ya nyumba, kisha akavilaza polepole vielekeane. Vidole havigusani. 4 na 3 ni 7, na pengo la sentimita 3 linabaki wazi. Jibu ameshalipata, alichokosa ni sentensi ya kulieleza, hasa akitakiwa aiseme kwa Kifaransa.

Susan Goldin-Meadow wa Chuo Kikuu cha Chicago amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Watoto ambao mikono yao inasema jambo moja na mdomo jingine wakati wa kueleza hesabu, mara nyingi ndio walio tayari kuelewa wakifundishwa. Mwaka 1998 yeye na Jana Iverson walionyesha pia kwamba hata waliozaliwa vipofu hupunga mikono wanapozungumza, tena wakiongea na kipofu mwenzao. Kwa hiyo mwalimu anayeamuru “mikono chini!” anamnyang'anya mtoto sehemu ya fikra zake.

Fanya hivi. Uliza kwanza, “Nionyeshe kwa mikono,” halafu usubiri. Usikimbilie chaki. Akishaonyesha, mwambie aseme kwa Kiswahili anachokiona mikononi. Neno la Kifaransa lije baadaye, likute wazo limeshakaa. Mhimize asogeze umbo: alifungue, alizungushe, alivute. Watafiti wa Marekani, Mitchell Nathan na Martha Alibali miongoni mwao, wamegundua kuwa wanaotoa uthibitisho sahihi wa jiometri mara nyingi ndio ambao mikono yao inabadilisha umbo, si kulichora tu hewani. Kwa somo la pembe, sioni kifaa bora Goma kuliko chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili: geuza usukani, pembe inapanuka mbele ya macho yao. Na wakiwa wamebanana kwenye benchi, wasimamishe, maana viwiko havina nafasi.

Kuna mitego miwili. Mtoto aliyezoea kuonyesha pembe mraba kwa mkono uliosimama wima anaweza kuikana ikiinama, basi mwambie aupinde mkono upande na ajiulize kama pembe imebadilika. Mtego wa pili ni wa mwalimu mwenyewe. Ukilitazama darasa na kuzungusha mkono kuelekea kulia kwako, wao wanauona ukienda kushoto. Wape mgongo kwanza, ndipo uzungushe.

Mtihani wa maandishi hauoni mikono. Kila onyesho la mikono limalizikie kwenye daftari, siku ile ile: mchoro, vipimo, na mstari mmoja unaosema 4 + 3 ni ndogo kuliko 10.