Commodore 64 na Skrini: Waya Upi Uende Wapi?

SWALI: Nimepata kompyuta ya Commodore 64. Nikiiunganisha na televisheni kupitia tundu la antena, picha inajaa chenga na herufi hazisomeki. Nifanyeje?

JIBU: Achana na tundu la antena. Huko picha na sauti hupachikwa kwenye wimbi la redio, kisha televisheni huzitenganisha upya. Ubora hupotea njiani.

Nyuma ya mashine kuna tundu la mviringo la DIN. Likiwa na pini 8, una bahati: pini ya 1 hutoa mwanga wa picha, ya 6 rangi, ya 3 sauti, na ya 2 ni ethi. Tafuta skrini yenye S-Video, inayopokea mwanga na rangi kwa nyaya tofauti. Rangi zikikolea mno, weka rezista ya omu 300 kwenye waya wa rangi.

Tundu la pini 5, la mashine za mwanzo, halina pini ya rangi. Tumia pini ya 4, inayotoa mwanga na rangi pamoja, uiunganishe na tundu la njano la video kwenye skrini.

Hakikisha skrini inakubali mfumo wa picha wa PAL kwa mashine ya Ulaya, au NTSC kwa ya Marekani. Kabla ya kuwasha, pima adapta ya umeme kwa mita: njia ya volti 5 ikizidi kiwango hicho, huunguza chipu za kumbukumbu.