Ubao Mrefu Chini ya Randa: Somo la Kazi na Hesabu

Mwanachuo anayefanya mazoezi ya kufundisha Kilosa au Mikumi hana haja ya kwenda mbali kutafuta somo linalounganisha kazi ya mikono na hesabu. Aombe ruhusa kwa fundi seremala mwenye banda la kazi nyumbani kwake, kisha awapeleke wanafunzi wakautazame ubao mmoja wa mninga kabla haujapigwa randa.

Tuseme ubao huo una urefu wa meta 3, upana wa sentimeta 30 na unene wa milimeta 50. Ukiwa umekauka, uzito wake ni kati ya kilo 25 na 30. Wanyanyue watu wazima wawili, kamwe si watoto. Mti uliotoa ubao huo ulikua kwa miongo mingi katika misitu ya miombo. Miti iliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, haikatwi; mninga wa fundi hauna budi kutoka katika msitu unaovunwa kwa kibali. Kwa hiyo kila milimeta inayogeuka maranda ni hasara.

Uvute uzi toka ncha hata ncha, juu ya uso uliobonyea, kisha upime nafasi iliyo kati ya uzi na ubao pale katikati. Tuseme ni milimeta 12. Fundi akitaka kuunyoosha ubao wote, atabakiwa na unene usiozidi milimeta 38. Sasa waulize wanafunzi: ubao huu ukikatwa vipande viwili vilivyo sawa, kila kipande kitakuwa na mpindo wa kiasi gani? Wengi watajibu 6. Usiwasahihishe upesi. Weka alama katikati ya ubao, vuta uzi toka ncha moja hadi kwenye alama, wapime wenyewe. Ikiwa ubao umepinda sawasawa, watapata milimeta 3, yaani robo, wala si nusu. Kila kipande chaweza basi kubaki na unene wa milimeta 47. Ndiyo maana fundi mwangalifu anayetengeneza madawati hukata kwanza vipande vya urefu unaohitajika, akiacha ziada kidogo, ndipo apige randa. Shule isiyo na fundi jirani yaweza kutumia ufito uliopinda.

Lakini benchi refu hudai ubao mzima. Hapo lazima kutazama pia kama ubao umejisokota. Vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye kimo sawa, huwekwa kukingama ubao, kimoja kila mwisho. Mtu huinama na kutazama juu ya kimoja akilenga cha pili. Visipolingana, pembe mbili zilizokabiliana zimeinuka. Fundi huanza kuzipunguza kwa randa fupi akienda mshazari, kisha huchukua randa ndefu akifuata nyuzi za mbao. Anapoanza hukandamiza mbele ya randa, anapomaliza hukandamiza nyuma. Na kwa urefu wa meta 3 hutembea na randa, hanyooshi mikono tu.

Wako wanaodhani kwamba mashine ya umeme ya kusawazisha unene huondoa taabu hii. Sivyo. Mashine hiyo hufuata uso ulio chini: rola huubana ubao uliopinda, kisu hupita juu, na ubao ukitoka hurudia mpindo wake, ila umekuwa mwembamba zaidi. Uso mmoja sharti unyooshwe kwanza.

Tena kuna uzito. Ubao mrefu ukiingia bila kitu cha kuuegemeza, mwisho ulio nje huning'inia, ule wa ndani huinuka kwenye kisu, na shimo dogo huchimbika karibu na ncha. Jambo hilo hilo hutokea ubao unapotoka. Viegemeo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vyenye kimo sawa na meza ya mashine, hupunguza kasoro hiyo sana. Wanafunzi wasimame mbali, ubavuni mwa mashine, wala wasisimame kamwe katika njia ya ubao. Fundi mzoefu huacha sentimeta kama 10 za ziada kila mwisho, akazikata kazi ikiisha. Vipande hivyo, kama atakubali kuvitoa, vyafaa kuchukuliwa darasani.