Saa Inayowasha Taa

Saa ya ukutani huonyesha wakati tu. Lakini iko saa nyingine yenye kazi zaidi: huwasha taa na kuizima, wala hapana mtu anayeigusa.

Uso wake ni gurudumu. Mota ndogo ya umeme hulizungusha polepole, mara moja tu katika saa 24. Pembeni mwa gurudumu mna vijino 96. Kila kijino ni dakika 15. Kijino kilichosukumwa kikifika penye kiwashio, vyuma viwili hugusana, umeme hupita, taa huwaka. Vijino vilivyosukumwa vikiisha kupita, vyuma huachana na taa huzimika.

Namba za gurudumu huanza usiku wa manane. Basi namba 18 ni saa kumi na mbili ya jioni, na namba 6 ni saa kumi na mbili ya asubuhi.

Bukavu ni karibu na ikweta. Huko jua hutua karibu saa ileile mwaka mzima, na vijino hukaa vilivyo. Ubelgiji sivyo. Mwezi wa sita jua hutua karibu saa nne ya usiku. Mwezi wa kumi na mbili hutua kabla ya saa kumi na moja ya jioni. Huko vijino hubadilishwa mara nyingi.

Saa hii haioni giza. Hufuata gurudumu lake tu. Umeme ukikatika, mota husimama. Mfano: taa ya nyumba ya uzazi imepangwa kuwaka saa kumi na mbili ya jioni. Mchana umeme umekatika muda wa saa tatu. Mama mwenye mimba anafika saa moja ya usiku na kukuta mlango gizani. Taa itawaka saa tatu! Hakuna kilichovunjika, gurudumu limechelewa. Mlinzi mwangalifu huligeuza mara umeme unaporudi, kwa kufuata mshale, mpaka lionyeshe saa ya kweli. Saa nyingine zina betri ndani, nazo hazisimami upesi.

Lakini waya zilizo nyuma ya saa ni kazi ya fundi peke yake. Umeme huua.

Maulizo
1. Taa iwake tangu saa kumi na mbili ya jioni hata saa kumi na mbili ya asubuhi: vijino vingapi vitasukumwa?
2. Umeme ukirudi, mlinzi afanye nini? Kwa sababu gani?