Kivuli cha Watu Wote: Mafunzo Niliyopata Katika Kupanga Maeneo ya Kupumzikia Kibaoni

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Katavi, uliokuwa umeanzishwa mwaka huohuo, ukiwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikakuta 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine Tanzania uliokua kwa kasi hiyo. Kwetu Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe, ukuaji huo unaonekana kwa macho. Lami inayotoka Sumbawanga kupitia Kanazi na Kizi imetufikia, wafugaji na wakulima wanazidi kuhamia, na shamba lililolimwa mahindi msimu uliopita leo limekatwa viwanja.

Nimekaa kwenye kamati ya kijiji iliyopewa kazi ya kupanga maeneo ya wazi na kuyaandalia makadirio ya fedha: sehemu moja jirani na soko, nyingine karibu na shule. Ni kazi niliyoipenda tangu siku ya kwanza na ninaipenda bado. Haya ndiyo niliyojifunza, na nayaandika kwa ajili ya wenzetu wa miji midogo inayochipuka, kwa sababu muda wa kuyafanya haya ni sasa.

1. Ardhi kwanza, maua baadaye

Kila tulipokutana, mazungumzo yalikimbilia kwenye mabenchi, bembea za watoto na taa. Ni kawaida, kwa kuwa hayo ndiyo watu wanayoyaona kwenye picha za Dodoma na Dar es Salaam. Lakini benchi unaweza kulitengeneza mwaka wowote, na kiwanja kikishauzwa hakirudi. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya mpango wetu tuliielekeza kwenye upimaji na mawe ya mipaka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatusaidia sana hapa, na nasikitika kwamba viongozi wengi wa vijiji hawaitumii. Inaruhusu halmashauri ya kijiji kupendekeza sehemu ya ardhi itengwe kwa matumizi ya jumuiya. Mkutano mkuu ukiridhia, sehemu hiyo inaingizwa kwenye rejista ya ardhi ya jumuiya, na baada ya hapo mwenyekiti hawezi kuamka asubuhi akamgawia mtu. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, hakikisheni kile mlichokitenga kinaingia kwenye mchoro kwa jina lake: eneo la wazi, uwanja wa michezo, bustani. Kipande kilichoachwa bila jina kwenye mchoro kina wenyewe wengi wanaokimezea mate.

Uvamizi nao una hatua zake, na nimeuona kwa karibu. Mtu anaanza kwa kuomba kuegesha tofali zake pembeni, "siku mbili tatu tu, mzee wangu." Tofali zinakaa masika yote. Kisha panatokea kibanda cha kulindia tofali, halafu mtu wa kulala kwenye kibanda, halafu jiko. Siku mkija na mtendaji mnakuta familia, na hakuna mwenye moyo wa kumtoa mama na watoto nje. Ndiyo maana jiwe la mpaka lizungushiwe miti au minyaa mapema, na tofali za siku ya kwanza ziondolewe siku hiyohiyo, kwa maneno mazuri.

Anayedhani jambo hili ni la vijijini tu aiangalie Nairobi. Bustani ya Jeevanjee walipewa wakazi wa mji mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa kuijengea maduka na maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza mapambano ya kuiokoa. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amesimama kuizuia ghorofa ya orofa 60 isijengwe Uhuru Park. Bustani zote mbili zipo mpaka leo. Kama sehemu zenye historia na jina kubwa hivyo zilitamaniwa, kipande chetu cha nyuma ya soko kitaponaje bila karatasi?

Kuna ardhi nyingine ambayo haihitaji kununuliwa wala kugombewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukipandwa miti na kuachiwa njia ya miguu, mji unapata matembezi ya jioni na kingo zinabaki imara wakati wa mafuriko.

2. Bajeti ina msimu wake, kama kilimo

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Wengi wetu tulidhani basi Mei au Juni ndio wakati wa kupeleka maombi. Wakati huo mambo yameshakwisha: halmashauri imeshapitisha bajeti yake kwenye baraza la madiwani, na Bunge linajadili bajeti kuu. Mapendekezo ya kijiji yanatakiwa yawe yameibuliwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo, ambapo wananchi wenyewe hutaja mahitaji yao, yawe yamepita mkutano mkuu wa kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, na yamefika mezani kwa afisa mipango kabla ya mwaka wa kalenda kugeuka.

Kwetu kuna ugumu wa ziada. Mvua za Katavi huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Ukiitisha mkutano Desemba utazungumza na viti, watu wako shambani. Tulijifunza kuitisha Septemba na mapema Oktoba, mavuno yakiwa ghalani na jembe likiwa bado limepumzika. Mahudhurio ya miezi hiyo ni mazuri, na watu wana utulivu wa kubishana kwa hoja.

3. Hesabu maji ya Agosti

Hili ndilo fundisho kubwa kuliko yote, na mtu akisahau mengine ashike hili. Kupanda miti kila mtu anaweza. Zipo kampeni, wageni wa heshima, na miche ya bure kutoka kwa wadau. Shughuli inaanza Mei, mvua zikiwa zimekatika. Kufikia Agosti vumbi limekuwa jekundu juu ya kila jani, ardhi imepasuka, na mbuzi wanaokosa majani porini wanaingia mjini. Mche uliopandwa kwa mbwembwe Desemba unakauka mbele ya macho yetu. Mwaka unaofuata tunapanda tena shimo lilelile, na kwenye taarifa inaandikwa miti mipya.

Tukakaa na kalamu. Chukua miti 60, idadi inayotosha kutia kivuli eneo la wastani. Mche mchanga wakati wa kiangazi upewe lita 20 mara mbili kwa wiki. Hiyo ni lita 2,400 kwa wiki, sawa na madumu 120. Kutoka Mei hadi mwisho wa Oktoba kuna takriban wiki 26, kwa hiyo tunazungumzia madumu 3,120 kwa kiangazi kimoja. Mwaka wa pili, mizizi ikiwa imeshuka, mara moja kwa wiki inatosha, na hesabu inabaki nusu yake. Mwaka wa tatu miti mingi ikisaidiwa kidogo inajitegemea.

Namba hizo tulipozisoma kwenye kikao, ukumbi ulinyamaza kidogo, kisha mama mmoja anayeuza maji kwa mkokoteni akauliza, "Hayo madumu atayabeba nani?" Ni swali bora kuliko yote niliyoyasikia katika kazi hii. Kuanzia hapo kila pendekezo la kupanda lilikuja na jibu lake: maji yanatoka wapi, nani anayabeba, na analipwa kutoka kifungu gani. Zidisha idadi ya madumu kwa bei ya dumu ya mtaa wako, utapata gharama halisi ya kivuli. Kwa kawaida inaizidi mara nyingi gharama ya miche yenyewe.

Hesabu hiyo ikabadilisha na mpango. Tulipunguza idadi ya miti na kuongeza uangalizi. Tukachimba bonde dogo la mduara kuzunguka kila shina ili maji yasitiririke, tukajaza matandazo ya nyasi kavu na maganda ya karanga, na kila mche ukazungushiwa fito na miiba dhidi ya mbuzi. Nyasi za kupanda kama za hotelini tuliziondoa kabisa kwenye makadirio, kwa sababu zinakunywa maji ambayo watu wenyewe wanayapanga foleni. Tulichagua mwarobaini na mjohoro kwa kivuli cha haraka, na miembe kwa ajili ya wajukuu. Wapo waliotaka mninga na mtundu, miti yetu ya asili ya miombo, na mimi ni mmoja wao. Tuliipa kona yake, tukijua inakua taratibu.

4. Jua fedha zinatoka wapi, na lini

Halmashauri za mashambani kama yetu zinategemea sana ushuru wa mazao: mpunga, mahindi, tumbaku. Mwaka 2017 serikali iliushusha ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, nafuu kubwa kwa mkulima ambayo ilipunguza pia mfuko wa halmashauri. Kati ya mapato ya ndani, asilimia 10 imetengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachobaki kinagombewa na madarasa, zahanati, vyoo vya shule na posho za vikao.

Siwezi kusimama mbele ya mzazi ambaye mwanawe anakaa sakafuni nikamwambia bembea ni muhimu kuliko dawati. Kwa hiyo hatukuwahi kushindana na dawati. Tulitafuta pale ambapo kazi ya bustani inaingia ndani ya kazi nyingine. Darasa likijengwa, uwanja wa watoto kuchezea na miti yake viingie kwenye mchoro uleule. Barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu 2017, na mtaro wa maji ya mvua ukichimbwa, ukingo wake upandwe na maji yake yaelekezwe kwenye miti. Soko likikarabatiwa, kivuli cha kupumzikia kihesabiwe kuwa sehemu ya soko.

Ushuru wa mazao unaanza kuingia baada ya mavuno, ambayo ndiyo miezi ya kiangazi. Fedha na kiu ya miti vinakuja pamoja. Tukaomba mgao wetu mdogo utolewe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai na Agosti, maana fedha ya kumwagilia ikija Machi, mvua zikiwa zinanyesha, haina kazi tena.

5. Anza na watu ambao tayari wanakaa pale

Kabla ya kuchora chochote tulikwenda kuangalia nani yuko wapi saa ngapi. Bodaboda walishachagua mwembe wao. Wazee wa bao walikuwa na eneo lao. Mama lishe alijua upande ambao upepo haupeperushi majivu. Watoto walikuwa na njia yao ya mkato kutoka shule. Mpango mzuri unawafuata hao. Bodaboda wakapewa eneo lao rasmi la kuegesha, na wao wakakubali kumwagilia miti inayowazunguka. Mpaka sasa miti hiyo ndiyo iliyostawi kuliko yote.

Wafanyabiashara ni jambo linalohitaji busara. Ukiwafukuza, eneo linabaki tupu na linatisha usiku. Ukiwaachia, mwaka mmoja mbele una soko la pili. Forodhani, Zanzibar, ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan, wauza vyakula vya jioni waliendelea kuwa sehemu yake, na mpaka leo hao ndio wanaoijaza watu. Kwetu tulikubaliana idadi ya meza, saa za kazi, na kwamba kila meza inaondolewa usiku. Chochote chenye mguu uliozikwa ardhini hakiruhusiwi.

6. Choo na taa

Usijenge choo usichokuwa na mtu wa kukisafisha. Usifunge taa usiyojua nani atabadilisha betri yake.

7. Mahesabu yasomwe mkutanoni

Sheria inautaka uongozi wa kijiji uitishe mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na humo mapato na matumizi yasomwe. Sisi tulisisitiza mahesabu ya bustani yasomwe peke yake, hata kama ni fedha ndogo: mtunzaji amelipwa kiasi gani, madumu mangapi yamenunuliwa, miche mingapi iko hai na mingapi imekufa. Nguvu za wananchi nazo tuliziandika kwa thamani yake, siku ya kazi ya mtu kwa bei ya kibarua wa hapa, kwa sababu jasho lisiloandikwa halionekani na afisa mipango, wala halisaidii kuombea fedha nyingine.

Kusoma idadi ya miche iliyokufa kulizua maneno makali mwanzoni. Lakini ndiko kulikotuonyesha kwamba upande wa kusini miti inakufa kwa sababu ng'ombe wa mnadani wanapita hapo, na mkutano wenyewe ukaamua njia yao ihamishwe.

Kwa mwaka wa fedha unaokuja tumeomba vitu vitatu: malipo ya mtunzaji mmoja kwa miezi 12, maji ya kuanzia Mei hadi Oktoba, na mawe mapya ya mipaka pale yalipong'olewa. Bembea imeandikwa kwenye mpango wa mwaka utakaofuata.