Chandarua cha Muleba na Mwongozo wa Dunia



Lengo la 3 la Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa linataka janga la malaria likomeshwe ifikapo 2030. Je, lengo hilo hufikaje kwenye kitanda cha mtoto wa Kishanda? Mfano tunao hapa wilayani.

Mbu wa Muleba walikuwa wamekwisha kuwa sugu kwa dawa ya vyandarua vya kawaida. Kuanzia 2014, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chuo cha tiba cha KCMC na chuo cha tiba za kitropiki cha London zililinganisha vyandarua hivyo na vile vyenye PBO, kemikali inayomzuia mbu kuivunja dawa mwilini mwake. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 55 kwenye vyandarua vya kawaida, na 31 kwenye vya PBO.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha vyandarua vya PBO, likizingatia ushahidi huo. Idhini ya WHO ndiyo huwafungulia njia wafadhili, ukiwemo Mfuko wa Dunia, kuvigharamia.

Hivyo taasisi hupima, WHO huelekeza, wafadhili hulipia. Lakini mwanzo wa yote ni kaya za Muleba zilizokubali watoto wao wapimwe damu.

Mjamzito, na mtoto anayepata chanjo ya surua, hupewa chandarua bure kliniki. Kikifunika banda la kuku, hakimkingi mtu. Kitundikwe kitandani leo.