Asiyelala na Anayekoroma

Tangu vita ilipofika Kirumba mwaka 2024, wengine wanakuja kuomba diazepamu ili walale. Ngoja kwanza. Uliza mke wako ao mume wako: je, ninakoroma, pumzi inakatika, kisha ninashtuka? Ikiwa ndivyo, koo inaziba usingizini, na dawa ile inaweza kuilegeza zaidi. Pombe vilevile. Mwambie munganga.

Penye mashine ya kupuliza hewa puani, mtu asiyepata usingizi huivua upesi, nayo haimfai. Mwaka 2019 waganga wa Australia walitangaza kwamba wagonjwa waliofundishwa kwanza namna ya kulala waliivaa karibu saa moja zaidi kila usiku.

Wewe usiye na mashine, lala kwa ubavu, si chali. Amka saa ileile kila siku. Usingizi ukikataa, ondoka kitandani, omba, urudi ukisinzia.