Miti itakula rutuba ya malisho?

Swali: Nina ekari sita za malisho Shinyanga. Baba mkwe anashauri niache miti iote humo. Haitadhoofisha nyasi?

Jibu: Msikilize baba mkwe. Wasukuma wana ngitili tangu zamani, yaani malisho yanayotengwa ili nyasi na miti viote upya, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulisaidia kuzifufua. Mizizi mirefu hufikia virutubisho ambavyo nyasi hazivifikii. Majani yakidondoka na kuoza, vinarudi juu. Migunga mingi huongeza pia naitrojeni, na kivuli hutunza unyevu. Ila miti ikisongamana nyasi hukosa mwanga, kwa hiyo pogoa. Tena usiache mti mmoja tu: ng'ombe watajazana hapo mchana kutwa, waushindilie udongo hadi uwe mgumu kama sakafu. Miche michanga izungushie miiba.